Vipimo vya Bi Shukrani

Kila nikikaa kupumzisha magoti, mnakuja mmeshika simu kama kipofu ashikavyo fimbo. "Bibi, tusimulie ile ya fundi." Ile ya fundi, ile ya fundi! Mnadhani hadithi ni maji ya bomba, unafungulia yanatoka. Shule mimi niliiacha darasa la pili, lakini hata mimi najua kuna mambo ukiyataja mno yanageuza shingo yakutazame. Haya. Nitasimulia mara moja. Mwenye maswali akaulize huko huko kwenye simu yake.

Ilianza na harufu ya kitambaa kibichi kinachopigwa pasi, ndani ya chumba ambamo pasi ilikuwa baridi.

Chumba chenyewe kilikuwa duka la fundi cherehani, mwanamke, katikati ya muuza miwani na mchonga funguo. Mlango wa kioo, cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu ukutani, na sanamu ya kuvalishia nguo: kiwiliwili kisicho na kichwa, kimesimama juu ya mguu mmoja wa chuma. Fundi wakimwita Pindo, maana pindo lake hata uligeuze nje ndani usingeona uzi ulipopita. Meza ya pasi ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mnene mwenye ulimi unaokata kuliko mkasi wa duka.

Kazi Pindo aliijua. Kilichomsumbua ni fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye hata kola hakujua kuikalisha, lakini mtandaoni alikuwa na wafuasi kama siafu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndiyo, lakini wahenga hawakuwa na jirani mwenye simu. Pindo naye akaanza kujitembeza. Asubuhi picha ya nguo, mchana picha ya nguo, jioni picha yake mwenyewe kaegemea nguo. Akafungua daftari la vipimo, ambamo wateja waliandika pia barua pepe zao, akawa anawatumia barua kila Jumatatu saa sita, wanaotaka na wasiotaka. Na kila nguo aliyoshona akaipiga lebo shingoni, jina lake kamili kwa uzi mwekundu. Mama yake mzazi alikuwa amemwambia tangu mdogo: anayejisifu hubaki na mate mdomoni. Hakusikia. Wa kusikia yuko wapi?

"Wifi," alisema yule dada wa mume, "siku hizi unashona saa moja, unajisifu saa saba. Hata jogoo akishawika hupumzika."

"Piga pasi yako, wifi yangu. Mambo ya soko huyawezi."

"Haya, mwenye soko. Leo umependwa na wangapi?"

Pindo akachungulia simu. Wanne. Mmoja alikuwa mumewe, mwingine alikuwa yeye mwenyewe.

Wakati huo hoteli moja kubwa ilikuwa inatafuta fundi wa sare za wafanyakazi wake wote, kazi ya miaka. Meneja alifika, akapapasa mishono, akaipenda. Lakini akasema, "Fundi, bosi wangu haangalii mshono. Anaangalia wateja wako wanasema nini mtandaoni." Na wateja wa Pindo walikuwa hawasemi kitu. Mtu akipata nguo imemkaa huvaa akaenda zake. Anayeandika ni yule iliyombana.

Ndipo alipokosea.

Siku hiyo saa sita mchana wifi alikuwa ametoka kwenda kula. Pindo akafunga mlango kwa ndani, akaivalisha sanamu gauni la zambarau. Sanamu haikuwa na kichwa, na mteja lazima awe na kichwa. Akazoa sakafuni vipande vilivyobaki kwenye nguo za watu, kipande cha nguo ya bibi harusi, cha mfiwa, cha mtoto mchanga, akavishindilia kwenye foronya, akaifunga juu ya shingo, akaitandikia mtandio. Akaigeuza, mgongo kwa simu, akapiga picha. Kisha akamfungulia huyo mteja wake ukurasa, akamfungulia na barua pepe, akamwita Bi Shukrani. Akaandika: "Fundi huyu ananijua mwili kuliko ninavyojijua. Gauni lake limeniingia kama ngozi. Popote aitwapo, niiteni na mimi."

Jioni ile mioyo iliyomiminika hakuwahi kuiona mwaka mzima. Meneja naye alipitia, akaacha neno: "Bi Shukrani ana bahati."

Kesho yake ndiyo ikaja ile harufu. Pindo akagusa pasi: baridi. Akafungua ukurasa wa Bi Shukrani ili aandike sifa ya pili, akakuta imeshaandikwa.

"Napenda anavyoimba peke yake saa sita, pini kaziuma kwa meno."

Akamgeukia wifi yake. "Wifi, umegusa simu yangu?"

"Mimi? Mimi namba ya siri ya kadi yangu mwenyewe namwuliza mume wangu."

"Basi nani ameandika hivi?"

"Imependwa na wangapi?"

"Mia tatu."

"Sasa unalalamika nini?"

Wifi alitania, hakujua. Pindo alijua. Angeweza kufuta siku hiyo hiyo, yakaisha. Lakini mia tatu ni mia tatu, na meneja alikuwa anasoma. Akaacha. Kila siku saa sita ikawa inatokea sifa mpya, tamu kuliko ya jana, na kila siku ilikuwa na kitu kimoja ambacho mtu wa nje hawezi kukijua: kovu la sindano kwenye dole gumba, neno alilomnong'oneza mumewe mlangoni.

Jumatatu akatuma barua yake kwa wateja wote. Likaja jibu moja.

"Nimekusifu. Sasa nishonee. Shingo: inchi sita. Mkono: inchi hamsini. Kiuno: hakuna."

Akacheka, kile kicheko cha mtu anayepita peke yake makaburini. Akakifungua kile kichwa cha foronya, akamwaga vipande pipani. Asubuhi yake kichwa kilikuwa juu ya shingo, mtandio umekaa vizuri kuliko alivyoufunga yeye.

Jumatatu ya pili: "Nilikosea, nilikuwa sijazoea. Shingo: inchi kumi. Mkono: inchi thelathini. Kiuno: ishirini." Sasa sanamu ilikuwa imeacha kutazama ukuta. Kila walipofungua duka waliikuta imegeuka kidogo, kama mshale wa saa, kutoka ukutani kuelekea mlango, kutoka mlango kuelekea cherehani ya Pindo.

"Wifi, wewe ndiye unayeigeuza?"

"Nilidhani ni wewe," alisema wifi, na kwa mara ya kwanza hakuongeza mzaha.

Jumatatu ya tatu Pindo aliisoma barua akiwa amesimama mbele ya kioo kirefu, mlango umefungwa, jua la saa sita limejaa chumbani, magari yanapita nje kama kawaida na mchonga funguo anasaga funguo zake, na vile vipimo safari hii vilikuwa vya mtu, tena mtu aliyemfahamu bila kumkumbuka, kwa hiyo akachukua tepu akajizungushia shingoni ikasoma kumi na nne kama barua ilivyosema, akajipima kifua kikawa kile kile, kiuno kile kile, akajipima mabega, na barua ilikuwa imeandika kwamba bega la kushoto liko chini ya la kulia kwa nusu inchi, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu maana ni ulemavu wa miaka ishirini ya kuinamia cherehani, akapima, ikawa nusu inchi, na alipoinua macho kwenye kioo aliona nyuma yake gauni la zambarau limejaa pale lilipokuwa limelegea, na bega lake la kushoto liko chini, na kitambaa cha kifuani kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, taratibu, kama cha mtu aliyengoja kwa adabu zamu yake ifike.

Chini ya barua palikuwa na mstari mmoja zaidi. "Mwili sasa umenikaa. Bado jina. Hili ulilonipa linanibana."

Wifi alirudi, akafungua kwa ufunguo wake, akasimama kizingitini.

"Wifi," alinong'ona. "Njoo. Usigeuke."

"Inapumua?"

"Njoo nimesema. Acha simu. Acha viatu."

Wakaenda kwa mganga, mzee aliyekuwa anashona miavuli barazani kwake. Hakufukiza kitu wala hakupiga ramli. Alimsikiliza Pindo mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Nani alimkaribisha?"

"Hakuna aliyemkaribisha, babu."

"Fundi, mimi ni mtu mzima."

Pindo akatazama chini. "Nilimtengeneza mimi. Nilitaka wa kunisifu."

"Majini wako kila mahali, wanapita tu kama upepo. Hawana jina, hawana sura, hawana maneno ya kusema na watu. Wewe umempa mmoja vyote vitatu, tena kichwa chake umekijaza nguo za walio hai na waliofiwa. Sasa amekwisha kuvaa. Unataka avue nini?"

"Avue kila kitu! Aende!"

"Ataenda. Ila mikono mitupu haendi, lazima aondoke na jina. Ukilikana lile la uongo mbele ya wote uliowadanganya, ataondoka na hilo hilo, na halina faida kwake. Waandikie: Bi Shukrani hayupo, nilijisifu mimi mwenyewe. Maneno sita tu. Yafike kabla ya Jumatatu saa sita."

"Na nisipoandika?"

Mzee akafungua mwavuli, akaukagua kwenye mwanga. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu. Andika."

Jumapili jioni Pindo alikaa mezani na simu, wifi yake ubavuni. Meneja alikuwa ameahidi kupiga simu kesho yake kutoa jibu la hoteli.

"Andika, wifi. Aibu haiui."

"Wewe huna cha kupoteza. Mimi nikiandika hivyo nimekwisha. Yule wa ng'ambo atacheka mpaka azimie."

"Acha azimie! Tutapata nafasi ya kumpima jeneza. Andika."

Aliyaandika yale maneno sita. Akayatazama. Akayafuta. Akayaandika tena, akayafuta. Wifi alipokwenda kuchota maji, Pindo aliandika haraka, akawatumia wateja wote wa daftarini na kuyabandika mtandaoni: "Mteja wetu mpendwa, Bi Shukrani, amehamia mbali na hatakuwa nasi tena. Anawashukuru nyote kwa upendo wenu." Mioyo ikamiminika.

"Umeandika?" wifi aliuliza aliporudi.

"Nimeandika."

Jumatatu walipofungua duka, sanamu ilikuwa chini, kichwa kimepasuka, vipande vimetapakaa sakafuni. Harufu haikuwepo. Gauni la zambarau nalo halikuwepo, lakini nani angeulizia gauni? Pindo alifagia huku akiimba.

"Umeona, wifi? Amekwenda. Na mtu hakulazimika kuvua nguo hadharani."

Wifi akakaza macho. "Kwani uliandika nini?"

Saa sita simu ikalia. Alikuwa meneja, sauti imejaa bashasha. "Hongera, fundi! Kazi ni yako. Niko na mkataba hapa, naujaza. Jina lako kamili?"

Pindo akafungua mdomo.

Akaufunga. Akaufungua tena. Wifi alimwona akigeuka taratibu kulitazama gauni lililoning'inia karibu, akakunja shingo ya nguo kusoma lebo. Lebo ilikuwa nyeupe. Nyuzi nyekundu zilikuwa zimeanguka sakafuni, nyembamba kama nywele. Akavuta la pili, la tatu. Akatoka nje kutazama kibao cha jina lake juu ya mlango, simu ikiwa bado sikioni. Kibao kilikuwa ubao mtupu, kana kwamba rangi haijawahi kukigusa.

"Fundi? Uko hapo? Jina tu."

"Wifi," alisema Pindo kwa sauti ya mtoto, "naitwa nani?"

Na wifi yake, aliyemwita wifi kwa miaka kumi na mitano, alifungua mdomo naye.

Mkataba haujazwi kwa lakabu. Kazi ilikwenda ng'ambo ya barabara. Wakarudi mbio kwa mganga. Alikuwa anafunga miavuli. Akamwambia tu, "Nilikwambia ataondoka na jina. Usipoandika, sikukwambia lipi." Kitambulisho alichokuwa nacho mtu akikisoma husoma, na akishakirudisha mkononi hakumbuki alichosoma. Huko mtandaoni kuna ukurasa mmoja ambao kila siku saa sita hutoa picha ya mwanamke aliyevaa zambarau, amegeuza mgongo, bega la kushoto chini kidogo, na juu yake jina limeandikwa kwa wekundu. Wifi aliwahi kulisoma kwa sauti. Kabla hajafika mwisho alikuwa ameshasahau mwanzo wake. Mtu huyo ana wafuasi wengi, nasikia. Wote wanamsifu.

Sasa mnanitazama nini? Mnamjua. Ndiye huyo aliyeko chumba cha nyuma, anayewatilia vifungo mashati yenu. Mama zenu wadogo wengine mnawaita kwa majina yao. Huyu mnamwita mama mdogo, basi, mnanyamaza, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Nilimzaa mimi. Jina nilimpa mimi, asubuhi ya mvua, nikalitamka mara tatu sikioni mwake ili lishike. Miaka yote hii nalitafuta kama mtu anavyotafuta jino lililong'oka: ulimi unakwenda pale pale, unakuta pengo.