Okidi Iliyokosa Mbegu

Kila asubuhi Selpha alinyunyizia maua yake ya okidi maji, kisha akaenda kufundisha chekechea. Alizipanda chini ya neti ya kivuli, nyuma ya nyumba yao mtaani Noonkopir.

Okidi moja ilimnyima raha. Aliipata kwa kuchanganya aina mbili, na hakuwa na nyingine kama hiyo. Ilichanua vizuri, lakini kila kifuko cha mbegu kilianguka kikiwa kichanga. Sasa mizizi ilianza kuoza.

"Hii ikikufa, imeisha," alimwambia mumewe, Khisa.

Jumamosi Khisa alifungua pakiti ya unga mezani. "Inaitwa kolchisini. Nimeona kwa simu, inafanya okidi izae."

Jirani yao Istar, anayefanya kazi katika maabara ya mimea, aliingia kuwasalimu. Aliona ule unga. Kando ya meza alisimama Cindy, mtoto wa Selpha na Khisa wa miaka minne.

"Baba Cindy, hiyo ni sumu. Mtoto ameigusa?"

"Sijui." Khisa aliifunga pakiti haraka.

Selpha alimnawisha Cindy mikono kwa sabuni. "Lakini anacheza tu, haonekani mgonjwa."

"Hata kama," Istar alisema. "Sumu hii huchelewa kujionyesha. Twende hospitali sasa, na mbebe pakiti."

Daktari alimlaza Cindy na kumpima damu mara kwa mara. Selpha hakuweza kula.

"Kwani hiyo dawa inafanya nini?" Khisa aliuliza, macho yakiwa kwa mtoto.

"Ndani ya kila seli, chembe hai ya mmea, kuna nyuzi ndogo sana, kromosomu," alisema Istar, aliyekaa nao wodini. "Zinabeba urithi. Mmea ukitengeneza mbegu, kila kromosomu hutafuta mwenzake. Wazazi wa okidi yenu ni tofauti sana, kwa hivyo kromosomu zao hazipatani na mbegu haikomai. Dawa inazuia seli kugawanyika, kromosomu zinakuwa mara mbili. Hapo kila moja inapata mwenzake. Lakini hiyo ni kazi ya maabara, na glavu na vipimo."

Siku ya nne daktari aliwaruhusu. Walirudi tena kupima damu baada ya wiki. Cindy alikuwa mzima. Khisa alilia.

Istar alichukua machipukizi ya okidi kabla haijaoza yote. Maabara iliyakuza kwenye chupa na kuyatia dawa ileile. Mengi yalikufa. Kila wiki Selpha aliuliza, "Yamebaki mangapi?" Yalibaki matano. Hadubini ilionyesha kwamba mawili yana kromosomu maradufu.

Mwaka wa tatu okidi moja kati ya hizo mbili ilichanua. Selpha aliichavusha, akahesabu siku kwa hofu. Kifuko cha mbegu kilikaa miezi saba bila kuanguka. Istar alipokipasua, mbegu laini kama vumbi zilijaa ndani, na Selpha akaketi chini, akizitazama.