Acha Mashine Ione

Fundi seremala alikoroma mpaka majirani wakamtania: mchana anapasua mbao, usiku anapasua tena. Mkewe hakucheka. Yeye ndiye aliyelala naye, na alijua kuna saa mkoromo hukatika na pumzi nayo hukatika. Hapo humtikisa bega. Fundi hushtuka, huvuta hewa kwa nguvu, kisha hulala tena.

Waliishi hivyo miaka mingi, na kila asubuhi waliamka wamechoka wote wawili. Siku moja fundi alisinzia mbele ya msumeno wa umeme. Vidole vikanusurika. Mkewe alimpeleka hospitali, na daktari akaagiza kipimo cha usiku kucha.

"Utalala hapa," muuguzi alisema, akimbandika fundi nyaya kichwani na kifuani. "Mashine itapima pumzi na moyo wako mpaka asubuhi."

"Dada, kulala hakunipi taabu," fundi alisema. "Taabu yangu ni kuamka."

Mkewe aliketi kando ya kitanda. Pumzi ilipokatika, akamtikisa bega. Ikakatika tena, akamtikisa tena. Muuguzi akaingia.

"Mama, tafadhali usimguse."

"Nisimguse? Nimwangalie tu akifa?"

"Niko chumba cha pili, namwona kwenye mashine. Akilala, koo linalegea na kuziba njia ya hewa. Hali ikiwa mbaya nitaingia mbio. Lakini ukimwamsha, mashine haitauona ugonjwa wake. Atarudi nao nyumbani."

Mke akaikalia mikono yake. Pumzi ikakatika. Alitamani kupiga kelele. Machozi yakamtoka, lakini hakunyanyuka. Mwishowe fundi akashtuka mwenyewe, akavuta hewa.

Baada ya kusoma majibu, daktari aliwaeleza. "Kukoroma kwa namna hii ni ugonjwa. Kunachosha moyo na kupandisha presha. Lakini kunatibika."

Fundi alipewa kifaa cha kusukuma hewa, chenye barakoa ya kuvaa puani kila alalapo.

"Nitaonekana kama rubani," alinung'unika.

"Vaa, Baba watoto. Mkono wangu umechoka."

Usiku ule, nyumbani, mke alizinduka ghafla. Kimya. Hakusikia mkoromo. Moyo ukamlipuka. Akapapasa gizani mpaka akakigusa kifua cha mumewe. Kilipanda, kikashuka, taratibu, kikapanda tena.

Hakumtikisa. Aliuacha mkono palepale, na asubuhi iliwakuta wote wawili wamelala.