Nisimulie Anavyocheza

Siku ya soko Ngaramtoni, saa nne asubuhi, Lerionka alikuwa akimwelekeza mzee mmoja namna ya kuchanganya dawa ya kupe aliposikia kengele ya ng'ombe ikilia pasipo ng'ombe. Akageuka. Msichana mrefu, gauni la kitenge cha kijani, raba nyeupe zilizokwisha kuwa nyekundu kwa vumbi, alikuwa amesimama kwenye meza ya muuza vyuma jirani, akizitikisa kengele sikioni moja baada ya nyingine, halafu anazirudisha huku amekunja uso.

"Dada, una ng'ombe wangapi?" Lerionka alimwuliza.

"Sina hata mmoja."

"Sasa kengele za nini?"

"Za kuchezea ngoma."

"Basi hizo acha. Ni mpya, zinalia kama vijiko. Kengele mpaka ivaliwe na ng'ombe miaka kumi ndipo inakuwa na sauti."

Msichana akamtazama kuanzia koti lake la bluu la dukani mpaka mabuti. "Wewe ni daktari wa kengele?"

"Nauza dawa za mifugo tu."

"Basi, daktari, nipeleke kwa mwenye ng'ombe wazee."

Lerionka akafunga duka siku ya soko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alifungue. Walitembea nusu saa hadi boma la baba yake mdogo, wakarudi na kengele tatu nzito zenye kutu. Waliporudi barabarani Lerionka alikuwa anajua kwamba msichana anaitwa Ndeshi, ni Mmeru wa Akheri, amepanga chumba Elerai, na anapocheka huziba mdomo kwa kiganja kama mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba anacheka mno. Namba ya simu ya Ndeshi aliiandika mkononi mwake, kwa kuwa simu yake mwenyewe ilikuwa imezima.

Mapenzi yao yaliwaka upesi. Ndeshi alikuwa akicheza katika kundi la watu sita lililofanya mazoezi kwenye ukumbi wa kukodi Elerai, na kila jioni akitoka huko simu ya Lerionka ililia.

"Daktari, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Wali wa jana. Miguu inaniuma, mpenzi."

"Nikuletee dawa?"

"Ya ng'ombe?"

"Inafanya kazi haraka kuliko yenu."

Akacheka, na Lerionka akajua hapo kiganja kiko mdomoni.

Ngoma yenyewe alimweleza siku moja wakila mahindi ya kuchoma. Mwaka hamsini na moja, wakoloni walipowafukuza Wameru Ngarenanyuki ili ardhi wapewe walowezi, bibi yake, Anaeli, alikuwa mtoto wa miaka sita. Nyumba zilichomwa, watu wakatembea na walichoweza kubeba. Bibi Anaeli hakuwahi kusimulia safari ile, hata kwa wanawe. Mwaka huu, macho yake yalipoanza kufifia, alianza kumsimulia mjukuu, kidogo kidogo, na alichosimulia ndicho walichokuwa wakikicheza.

"Kwa hiyo mnacheza kufukuzwa?" Lerionka aliuliza.

"Tunacheza kukumbuka."

Lerionka akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Alichokielewa vizuri zaidi ni kwamba Ndeshi anacheza mke, na anayecheza mume anaitwa Ezra.

Huyu Ezra alisomea sanaa Bagamoyo. Alikuwa na mabega ya mtu anayejua kwamba ana mabega. Na jina lake lilikuwa halikauki mdomoni mwa Ndeshi: Ezra amesema hivi, Ezra ameona vile, Ezra amenichekesha leo mpaka nikakaa chini. Lerionka alikuwa akisikiliza huku anakwaruza lebo za chupa kwa ukucha.

Mwezi wa nne, Koikai, rafiki yake anayeuza mabuti ng'ambo ya barabara, alivuka na simu mkononi.

"Huyu si shemeji?"

Ilikuwa video fupi ya mazoezi ambayo mtu wa kundi aliirusha mtandaoni. Ezra, kifua wazi, amemkumbatia Ndeshi kwa nyuma. Mikono kiunoni, paji la uso shingoni. Wote wawili wamefumba macho.

"Sanaa, bwana," Koikai akasema, kwa sauti isiyohusiana na sanaa.

Lerionka aliitazama video ile siku nzima. Aliitazama mpaka mama mmoja aliyeomba chanjo ya kuku akaondoka na dawa ya minyoo ya mbuzi. Jioni akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Akheri, kwa bibi."

"Na nani?"

"Na bibi."

Nyuma yake mwanamume akacheka, kicheko kipana cha mtu aliyekaa vizuri kitini.

"Na Ezra," Ndeshi akasema. "Amekuja kumsikiliza bibi."

"Mbona hukusema?"

"Kwa sababu ungeuliza hivyo unavyouliza."

Kesho yake Lerionka alivaa shati lake jeupe la kanisani akaenda kwenye ule ukumbi wa Elerai. Hakuingia. Alisimama dirishani, na kwa bahati mbaya akafika wakati ule ule: mikono kiunoni, paji la uso shingoni. Ndeshi alifumbua macho akamwona. Akatoka nje na suruali yake ya mazoezi, jasho likimtiririka, kitambaa cheusi kichwani.

"Umekuja kunichungulia?"

"Lazima akushike vile?"

"Lazima."

"Kwa nini?"

"Ingia utazame yote, utajua kwa nini."

"Sitaki yote. Niliyoyaona yamenitosha. Kule sokoni wananicheka, Ndeshi. Chagua moja. Mimi, au hii ngoma."

"Usiniambie nichague, Lerionka. Utaumia."

"Chagua."

Ndeshi alijifuta uso kwa mkono. "Ngoma," akasema, akarudi ndani.

Wivu wa mtu aliyekataliwa hauna adabu. Lerionka alichukua namba ya Ezra kwenye tangazo lililobandikwa mlangoni, na kabla hajafika nyumbani alikuwa ameshaandika: *Nikikukuta tena na mke wangu nitakuvunja miguu, utacheza kwa magongo.* Akatuma. Kwa dakika chache alijisikia mwanamume kamili.

Siku mbili baadaye Ndeshi alipiga. Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hasira, na hiyo ndiyo iliyomtisha.

"Umemtumia Ezra ujumbe?"

"Nimemtumia."

"Ameacha kundi. Amesema mguu wake ndio shamba lake, hawezi kuuchezea. Zimebaki siku tisa tupande jukwaani. Bibi hajatoka Akheri mwaka mzima, amekubali kuja mjini kwa ajili ya hii tu. Ulitaka kumvunja Ezra, umemvunja bibi yangu." Akakata.

Lerionka alipiga mara nyingi, hakupokelewa. Usiku hakulala, mchana aliuza bila kusikia anachoambiwa. Siku ya tatu akamwachia Koikai funguo za duka, akaenda Usa River, ambako aliambiwa Ezra anaishi kwa dada yake.

Alimkuta uani akifua. Ezra alipoambiwa mgeni ni nani, aliweka beseni kati yao.

"Umekuja na wangapi?"

"Peke yangu. Nimekuja kuomba radhi."

Ezra akakamua shati polepole. "Unampenda?"

"Nampenda."

"Mimi pia nilimpenda, mwaka juzi. Nilimwambia, akanikataa."

Damu ikampanda Lerionka masikioni. "Mbona unaniambia hayo?"

"Ili usije ukaambiwa na mtu mwingine, ukarudi tena kudai miguu yangu. Yaliisha. Pale jukwaani simkumbatii Ndeshi, ndugu yangu. Namkumbatia mtu aliyekufa kabla mimi na wewe hatujazaliwa." Akaanika shati. "Nitarudi. Lakini na wewe uje, ukae mbele, utazame mpaka mwisho. Kiti chako nitakichagua mimi."

Jumamosi, saa tisa alasiri, ukumbi wa mjini ulikuwa umejaa: wazee wa Kimeru wenye makoti, wanafunzi, akina mama wa kwaya. Lerionka alionyeshwa kiti cha mstari wa mbele. Pembeni yake alikaa ajuza mdogo wa mwili, gauni la zambarau, sweta nene, kitambaa cheupe kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Lerionka, bibi."

"Ahaa. Yule wa dawa za ng'ombe." Bibi Anaeli akamgeuzia macho yenye ukungu. "Mimi naona vivuli tu. Ezra amesema wewe utanisimulia anavyocheza. Usiruke kitu."

Taa zikapungua, kengele tatu zikalia kutoka gizani, na Lerionka akaanza kunong'ona.

"Wameingia. Wako sita. Wamebeba mizigo, mmoja ana kigoda. Wawili kati yao, nyuma, wanapepea vitambaa vyekundu. Nafikiri ni moto."

"Mimi nakumbuka moshi. Mweupe. Majani ya paa yalikuwa mabichi. Endelea."

"Ndeshi amebaki peke yake mbele. Ana mtoto mgongoni, mtoto wa nguo. Anatembea, anamtikisatikisa, anambembeleza."

"Halafu?"

"Ameacha kumbembeleza."

Mkono wa bibi ulimshika kifundo cha mkono, mkavu na wenye nguvu asizozitarajia. "Endelea."

"Anatembea tu. Ezra, yaani mume, anamwuliza kwa mikono kama mtoto amelala. Yeye anaitikia kwa kichwa. Anatabasamu. Mume anamtazama kama asiyemwamini. Anamzunguka. Yeye anamgeuzia uso kila akija, hamwonyeshi mgongo."

"Mama yangu alitembea hivyo tangu asubuhi mpaka jua likapinduka," bibi akasema. "Mdogo wangu alishakufa mgongoni. Angesema, baba angewarudia askari na rungu lake, na wao walikuwa na bunduki. Akanyamaza. Mimi nilikuwa nyuma yake, niliona miguu ya mtoto inavyoning'inia. Mama akageuka, akanitazama mara moja. Basi, na mimi nikanyamaza. Mpaka mwaka huu."

Lerionka akautazama mgongo wa Ndeshi.

"Wanafanya nini sasa? Sema, mjukuu wangu."

"Mume amekuja nyuma yake. Amemshika."

"Amemshika wapi?"

"Kiunoni, bibi."

"Kichwa chake kiko wapi?"

"Shingoni kwake. Amefumba macho." Katika ile video hapakuwa na mtoto. Sasa alikuwepo, amebanwa kati ya mgongo wa Ndeshi na kifua cha Ezra, na magoti ya Ndeshi yalikuwa yanakunjika. "Anamzuia asianguke. Na mtoto yuko katikati yao."

"Hapo ndipo baba alipojua," Bibi Anaeli akasema. "Ndivyo alivyosimama. Yule kijana alinisikiliza vizuri."

Machozi yalimtoka Lerionka, na hakuyaficha, maana mtu pekee aliyekuwa karibu naye hakuweza kuyaona. Aliendelea kunong'ona mpaka mwisho.

Ndeshi alimkuta nje, karibu na ukuta, watu wakiwa wamemzunguka bibi kumpa mkono. Alikuwa amevaa sweta juu ya vazi la ngoma, miguu peku, vumbi la jukwaani mpaka magotini.

"Bibi anasema unasimulia vizuri," akasema. "Ila kila Ezra akitokea sauti yako inakwaruza."

"Ni kweli."

"Bado una wivu?"

"Ninao. Ila umehama."

"Umehamia wapi?"

"Ezra alikwenda Akheri akakaa akamsikiliza bibi. Mimi miezi yote nimekuuliza uko wapi na uko na nani. Sikuwahi kukuuliza bibi amekuambia nini. Hilo ndilo linaniuma. Ule ujumbe ulikuwa wa kishenzi. Na lile neno la kukuambia uchague. Nisamehe, Ndeshi."

"Ukiniuliza tena leo, nitasema ngoma tena."

"Najua. Siulizi."

Ndeshi akamrekebishia kola ya shati jeupe, iliyokuwa imekunjika.

"Tumealikwa Moshi, halafu Dodoma, halafu Mwanza. Wiki saba."

"Na Ezra."

"Na Ezra."

Lerionka alivuta pumzi kama mtu anayetaka kunyanyua gunia. "Nenda, mama. Ukitaka kunipigia, nipigie. Usipotaka, nitangoja."

Ndeshi alipiga kila jioni. Wiki ya tatu, kutoka Dodoma, wakiwa wamezungumza mpaka maneno yamekwisha, Lerionka alimwuliza kama anaweza kuwapeleka wazee wake Akheri. Upande wa pili kikasikika kicheko kilichozibwa kwa kiganja.

"Wapeleke. Ila mimi sitakuwepo, daktari."

"Si kawaida wewe kuwepo. Watazungumza wao."

Hivyo Jumamosi iliyofuata alipanda Akheri na baba yake mdogo, wamebeba vitu vya posa: sukari, blanketi, na mbege, pombe ya ndizi ya wazee. Wajomba wa Ndeshi walikaa upande mmoja wa sebule, wao upande mwingine. Bibi Anaeli alikaa katikati, amejifunika sweta lake, na baada ya maamkizi marefu na sala akauliza kwa sauti ili wote wasikie:

"Huyo binti mnayemtaka yuko wapi leo?"

"Yuko Dodoma, bibi," Lerionka akajibu. "Anacheza na Ezra."

"Na wewe umekaaje?"

Wajomba wakamgeukia. Baba yake mdogo akakohoa kumkumbusha aseme jambo la heshima.

"Nimekaa vibaya, bibi," Lerionka akasema. "Lakini nimekaa."

Bibi akaitikia kwa kichwa polepole, akawaambia wanawe wapokee blanketi.