Meya Aliyebeba Viatu Mkononi

Kila asubuhi Losana alikunywa chai kwa mihogo ya kuchemsha, akachukua kamba yake ndefu, akawapitia wenzake nyumba kwa nyumba. Yeye alishika kamba mbele, wadogo wakaishika nyuma, wakatembea hadi shuleni. Walijiita basi la miguu. Basi hilo halikuwa na moshi, ila kelele lilikuwa nazo!

Shida ilikuwa magari. Barabara yao ya Vatuwai ni nyembamba, na magari yaliwarushia matope na moshi hadi wadogo wakakohoa. Watoto walitaka ifungwe kwa magari kila asubuhi, lakini baadhi ya madiwani wa jiji la Suva walipinga. "Watoto wa siku hizi hawatembei," walisema.

Kwa hiyo Losana, kiranja wa darasa, alipeleka ombi kwa desturi ya kwao. Alipiga magoti mbele ya Meya Litia, akamkabidhi fungu la mizizi ya yangona, zawadi ya heshima ya mwenye kuomba jambo. Meya aliipokea kwa mikono miwili, kisha akapiga makofi mazito ya kukubali.

"Nimepokea," alisema. "Ijumaa mimi na madiwani tutaacha magari, tuje tutembee nanyi. Tukiwaona mnatembea kweli, barabara itafungwa."

Ijumaa ikafika, na mvua ikafika nayo. Si manyunyu. Ilikuwa ile mvua ya Suva inayopiga mabati hadi husikii unachosema mwenyewe.

Mjomba Sakiusa akasimamisha teksi yake mlangoni. "Ingia, mpwa wangu! Utalowa kama kuku."

Losana aliitazama kamba pale ukutani. "Wakubwa hawawezi kuja na mvua hii," alijiambia. Akaingia.

Hawakufika mbali. Karibu na daraja, Mjomba alipunguza mwendo. "Ala! Yule si Meya?"

Alikuwa Meya Litia mwenyewe, sketi imemganda miguuni, viatu mkononi. Nyuma yake madiwani walikuwa wakiruka madimbwi.

"Mtoto hata mmoja hayupo!" diwani mmoja mnene alilalamika. "Si nilisema mimi?"

Uso wa Losana ukawaka moto. "Mjomba, nirudishe nyumbani. Nimeacha kamba."

"Kwenye mvua hii?"

"Yeye analowa kwa ajili ya yangona niliyompa mimi!"

Mjomba aligeuza gari. Losana akachukua kamba na kukimbia nyumba kwa nyumba akigonga.

Shivani alichungulia dirishani. "We Losana, una wazimu? Huoni mvua?"

"Kwani wewe sukari, utayeyuka? Meya yuko barabarani, peku!"

"Peku? Meya? Ningoje!"

Milango ikafunguka mtaa mzima. Waliokuwa na miavuli walikuja na miavuli, wasiokuwa nayo wakajifunika majani makubwa ya majimbi. Walishika kamba, wakateremka wakiimba kuishinda mvua.

Walipofika darajani, Losana aliinamisha kichwa. "Mheshimiwa, nisamehe. Nilikuwa kwenye teksi."

Meya akacheka hadi viatu vikatikisika mkononi. "Mwanangu, hata mimi asubuhi nililitazama gari langu kwa matamanio! Lakini sikiliza. Yangona humfunga aliyepokea, na aliyetoa pia. Ukimwomba mtu akuahidi jambo, ahadi hiyo ni yako na yake. Msingoje jua ndipo muitimize."

"Sasa barabara?" Shivani aliuliza, akishindwa kujizuia.

"Kuanzia Jumatatu, hakuna gari hapa asubuhi. Nao watu wazima tutawaletea mabasi ya umeme yatakayopita barabara kuu."

Watoto walipiga vigelegele. Yule diwani mnene alikwisha kushika kamba nyuma kabisa, na mtoto wa darasa la kwanza alikuwa akimkemea: "Mzee, usivute! Tembea kwa mstari!"

Mjomba Sakiusa, teksi ameiacha nyuma, aliwafuata kwa miguu, maji yakimchuruzika puani. "Na mimi je? Teksi yangu itapita wapi asubuhi?"

"Utatembea, Mjomba," Losana alimjibu, akimnyooshea kamba. "Shika hapa!"