Bomba la Uani kwa Kina Echat

Kila asubuhi, kabla ya shule, Echat alikuwa na kazi moja: kuteka maji. Kisiwa cha Ngazidja hakina mito. Mvua ikinyesha, maji huingia kwenye matangi ya saruji. Isiponyesha, watu hutazama mawingu na kununiana. Mtaa wa kina Echat, uliokaa juu ya mawe meusi ya volkano pembeni mwa Moroni, haukuwa na tangi wala bomba. Ilibidi kuomba maji mtaa wa pili na kurudi na ndoo kichwani. Echat alikuwa hodari wa kazi hiyo. Akijikwaa, alidai kwamba jiwe ndilo lililomwendea.

Watu wa mtaa huo walikuwa Wakomoro waliokimbia fujo za Majunga, huko Madagaska, na kurudishwa visiwani mwaka 1977. Ndege zilizowaleta ziliandikwa Sabena, jina la kampuni ya Kibelgiji, na jina hilo likawaganda wao. Sasa ulikuwa mwaka 1984. Echat alikuwa na miaka kumi na miwili, na bado aliitwa ndege.

Aliyelipenda zaidi jina hilo ni Fakih, mtoto wa mjini aliyesoma naye darasa moja.

"We Sabena! Unaruka lini kurudi kwenu?"

"Natafuta kwanza pa kutua," Echat alijibu. "Kichwa chako naona kina nafasi kubwa."

Wenzao walicheka, na Echat alicheka pia. Lakini lile neno "kwenu" lilimkaa tumboni kama muhogo mbichi. Maana ni kweli, kiwanja walichokaa hakikuwa chao. Kilikuwa cha ukoo wa Mzee Kamardine, mwenye duka la vitambaa. Yeye aliwaruhusu wajenge vibanda vya makuti, na kila Ijumaa wanawake wa mtaa walimpelekea samaki. "Si wangu," alikuwa akisema huku akiwapokea. "Ni heshima ya dada yangu, mwenye kiwanja, aliyeko Mutsamudu, kisiwa cha pili."

Siku moja lori la serikali liliingia mtaani. Roukia, mama yake Echat, alikuwa sokoni Volo Volo akiuza ndizi. Jirani yao Mzee Boina, fundi muashi, ndiye aliyempokea afisa, Bwana Daroueche. Alimpa kiti, akaenda kumtafutia madafu. Fakih, ambaye hakuwahi kuliona lori akaacha kulifuata, alikuwa amesimama palepale.

"Binti," afisa alisema akijifuta jasho, "serikali inawaletea bomba la maji, taa ya njiani, na saruji ya kuta. Lakini siwezi kuchimba bila ruhusa ya mwenyewe. Kiwanja hiki cha nani?"

Echat alimwona Fakih akitega sikio.

"Chetu," alisema.

Bwana Daroueche alikuwa na mitaa mingine ya kuzungukia na jua lilikuwa kali. Alifurahi kupata jibu fupi. Mzee Boina aliporudi na madafu, afisa alishatia alama pa kuchimba: uani kwa kina Echat.

Maji yalipotoka kwa mara ya kwanza, wanawake walipiga vigelegele na watoto wakalowa hadi masikioni. Mzee Boina aliwajengea kina Echat ukuta wa saruji, ulionyooka kuliko kitu chochote mtaani. Mama Roukia aliuliza kwa nini bomba limewekwa uani kwao. "Walichagua tu," Echat alisema. Na uwongo wa pili, kama kawaida ya uwongo, ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Miezi miwili baadaye, Echat alitoka nje asubuhi akakuta msalaba mwekundu mlangoni. Rangi ilikuwa bado mbichi. Alitazama mlango wa jirani: msalaba. Wa tatu: msalaba. Mtaa mzima ulikuwa umepakwa!

Katikati ya njia alisimama Mzee Kamardine na mzungu mmoja mwenye futi ya kupimia. Ilikuwa ni miaka ile rais alipolindwa na askari wa kukodiwa kutoka Ulaya, na wazungu waliokuja nyuma yao walitafuta nyumba nzuri karibu na mji. Mzungu alifungua bomba, akanawa mikono, akatabasamu.

"Mzee Kamardine, kuna nini?" Mama Roukia aliuliza, kanga ikimponyoka begani.

"Mnahama kabla ya Ramadhani."

"Tunahama? Tuende wapi?"

"Mimi niliwapa ruhusa ya makuti. Saruji sikuisema! Na mmekwenda kuiambia serikali kwamba kiwanja ni chenu. Afisa mwenyewe kanieleza."

Maji ya bomba yaliendelea kumwagika, na hakuna aliyekumbuka kulifunga.

Ganzi ilipowatoka, watu walianza kutafuta wa kumlaumu. Nani alikaa na afisa? Nani alimletea madafu? Boina! Mzee Boina aliapa kwamba hakusema lolote, lakini salamu zake hazikuitikiwa tena. Echat aliona na kunyamaza. Kisha asubuhi moja aliona kibanda cha Mzee Boina hakina paa. Mzee alikuwa amebeba kichwani mabati aliyoezekea baada ya bomba kuja, akienda kwa dada yake kijijini Vouvouni, na hakuna hata mtu mmoja aliyemuaga.

Echat alimkimbilia mama yake. "Mama, si Mzee Boina. Ni mimi. Mimi ndiye niliyesema ni chetu."

Mama Roukia aliketi juu ya ndoo. Ndoo ilikuwa na maji, na hakuinuka.

"Wewe?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo iliyomwogopesha Echat kuliko kipigo. "Na yule mzee umemwacha abebe lawama?"

Echat alilia. Mama alimwacha alie, kisha akakamua kanga yake. "Huku kwetu ardhi ya ukoo ni ya wanawake. Inatoka kwa mama kwenda kwa binti. Kaka huitunza tu, hana ruhusa ya kuitoa peke yake. Tutakwenda Mutsamudu kwa mwenyewe. Na huko utasema wewe, kwa mdomo wako."

Walisafiri kwa meli ndogo ya mizigo, kati ya magunia ya vitunguu. Echat alitapika kila alichokula tangu Idi. Mutsamudu ilikuwa na vichochoro vyembamba sana, hata watu wawili wakipishana lazima waulizane hali. Walimkuta dada yake Mzee Kamardine, Bibi Zouhoura, ambaye wote walimwita Koko, yaani nyanya, akichambua karafuu mkekani.

"Koko," Echat alisema, "mimi ninakaa kwenye kiwanja chako cha Moroni."

"Unakaa na mbuzi?"

"Mbuzi gani, Koko? Pale kuna watu. Kuna nyumba ishirini."

Mkono wa Koko ulisimama juu ya karafuu. "Kamardine aliniambia ni mawe na mbuzi. Akasema kuna mzungu anataka kujenga juu ya mawe, nami nikakubali."

"Lakini Bibi," Mama Roukia alidakia, "wale samaki wa kila Ijumaa je?"

"Samaki gani?"

"Wako! Tunampa kaka yako akuletee."

"Kutoka Moroni mpaka hapa? Basi walikuja wakiogelea, wakapotea njiani." Koko alianza kucheka. Kisha kicheko kikamkauka. "Miaka yote hii! Ndugu yangu wa tumbo moja!"

Echat alitamani kuishia hapo, kosa likiwa la Kamardine peke yake. Mama alimtazama. Ikabidi aseme yote: afisa, Fakih, lile neno moja, na Mzee Boina na mabati yake.

Koko alimkazia macho. "Uliiambia serikali kwamba mali yangu ni yako. Unajua kwamba neno hilo lingeweza kuninyang'anya ardhi ya mama yangu?"

Echat alishtuka. Alikuwa amewaza kufukuzwa kwao tu. Haikumpitia akilini kabisa kwamba yeye naye alikuwa ametaka kumtoa mtu kwake.

Wiki iliyofuata Koko alipanda ndege kwenye uwanja wa Ouani, akilalamikia nauli njia nzima, na akawaita watu wote, pamoja na Bwana Daroueche, kwenye uwanja wa mikutano wa mtaa. Mzee Kamardine alikuja na sauti ya upole.

"Dada yangu, elewa. Maji yameingia, taa imeingia. Sasa pale ni mahali pa maana."

"Na wakati wa ndoo hapakuwa mahali?" Koko aliuliza. "Waliokaa na kiu ndio watoke maji yakifika? Serikali imeleta bomba kwa ajili ya hawa, wewe unamfungulia mwingine!"

Mbele ya wote alitoa neno lake. Wakazi wabaki na wajenge kwa saruji. Kodi ndogo wamlipe yeye mwenyewe, na isipandishwe kwa sababu ya bomba wala taa. Bomba litolewe uani kwa kina Echat, liwekwe njiani, wote walifikie. Mzee Kamardine alitazama viatu vyake. Bwana Daroueche alikohoa, akasema kwamba kuanzia siku hiyo atawauliza watu wazima.

Kisha Echat alisimama akasimulia alichofanya. Hakuna aliyemkaripia, kwa sababu kila mmoja pale alikuwa amemnyima Mzee Boina salamu.

Siku hiyohiyo Echat na mama yake walikwenda Vouvouni. Walimkuta Mzee Boina akitafuta pa kuyaegemeza mabati yake. Echat alimweleza bila kupunguza.

Mzee aliyaweka mabati chini. "Kwa neno moja tu?"

"Ndiyo, mzee. Naomba unisamehe."

"Nimekusamehe. Kuumia bado nimeumia, usidhani yamekwisha leo." Alipangusa vumbi mikononi. "Sikiliza, mwanangu. Msaada ukija, upokeeni kwa mikono miwili. Lakini mkiulizwa ardhi ni ya nani, semeni ukweli: ni ya fulani, na wanaokaa ni sisi. Hiyo si aibu. Ukweli ungemleta mwenyewe mapema, akaweka ahadi yake kabla ya bomba. Uwongo wako ulimpa mtu mwingine sababu ya kututoa. Umenisikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Basi shika bati hilo upande wa pili, turudi. Na likiwa zito, sema ni zito."

Echat alilinyanyua. "Ni zito," alisema.

"Najua," alisema Mzee Boina. "Twende."