Pete ya Vidole Vitatu

Nianze kwa kukiri kosa. Mara ya kwanza niliposimulia kisa hiki darasani, nilikuwa nimesikia nusu yake tu. Delphine wa dawati la mbele akaniuliza: "Mwalimu, ile pete ilikuwa ya kazi gani?" Nikajibu palepale, kifua mbele: "Ya kufungia mashine safarini." Sikujua lolote. Nilijibu kwa sababu mwalimu akinyamaza, watoto wanacheka. Baadaye nikaja kusikia nusu ya pili, nikaona aibu. Leo nakisimulia chote.

Mwaka 1961 Ngalula alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikaa na wazazi wake Kamalondo, katika mji wa Elisabethville, ambao leo tunauita Lubumbashi. Kila asubuhi alifagia lupango, yaani ua wa nyumba, akamwaga majivu ya jana, akawasha makaa kwenye mbabula, lile jiko dogo la bati, kisha akakimbia shuleni kwa masista. Darasani alikuwa wa kwanza. Nyumbani ni yeye peke yake aliyejua kusoma Kifaransa, na baba yake, fundi Zéphirin, alilitangaza jambo hilo mpaka majirani wakachoka.

Nyuma ya nyumba, chini ya mabati, fundi Zéphirin alikuwa na mashine ya kukerezea chuma, ile inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Ilikuwa kuukuu. Aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akiondoka haraka haraka. Ilikuja na sanduku la mbao, na ndani yake mlikuwa na spana, kijitabu, na pete ya chuma yenye upana wa sahani. Pete hiyo ilikuwa na vidole vitatu vinavyoelekea ndani, na ncha ya kila kidole ilikuwa ya madini ya manjano.

"Ngalula, musomi wetu, kuya hapa," baba yake aliita. "Soma. Hii kintu iko ya nini?"

Ngalula akafungua kijitabu. Pete ilichorwa, na kando yake namba 14. Lakini maneno yaliyoandikwa chini hakuyajua hata moja. Hayakuwa ya Kifaransa. Yalikuwa ya Kiflamand, lugha ya yule Mzungu Mbelgiji aliyewauzia mashine. Baba yake alikuwa akimngoja huku anatabasamu. Jirani yao Mama Kapya, mwenye moulin ya kusaga mahindi, alikuwa naye amesimama akingoja.

"Inasema... ni ya kufunga mashine mu safari, isitikisike."

"Basi haina kazi tena?"

"Haina, Papa."

"Munaona mutoto yangu!" fundi Zéphirin akapiga makofi.

Mama yake Ngalula, Madeleine, akaichukua pete akaiweka juu ya mbabula. Chungu cha bukari, yaani ugali, kikakaa juu ya vidole vitatu, hakikuyumba hata kidogo.

"Kumbe Bazungu nabo banajua kupika bukari!" akasema Mama Kapya, na wote wakacheka.

Mwezi wa nane hakuna aliyecheka. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na kulikuwa na vita. Watu waliotoka Kasai, kama wazazi wa Ngalula, walianza kuambiwa warudi kwao, na makundi ya vijana yalipita nyumba kwa nyumba kuwatisha. Ngalula alizaliwa Kamalondo, kwao kwingine hakukujua. Katika mtaa wa jirani nyumba mbili zilichomwa moto. Katikati ya hayo yote moulin ya Mama Kapya ikavunjika ekseli, kile chuma kirefu kinachoizungusha. Kuagiza nyingine hakukuwezekana, kwa sababu malori hayakupita tena mpakani Kasumbalesa.

Mama Kapya alileta vipande viwili vya chuma vya kuchongea ekseli mpya, akavilaza mbele ya mashine.

"Fundi, njo bile tu niko nabyo. Moulin ikitembea, nitaenda kusema na bale vijana bakuache. Bantu balishiba banasikilizaka."

Siku ya Jumatano fundi Zéphirin akafunga chuma cha kwanza. Kilikuwa kirefu na chembamba. Kisu cha mashine kilipofika katikati, chuma kikaanza kucheza, kikapiga kelele mpaka mbwa wakabweka. Ghafla kisu kikazama, chuma kikapinda. Fundi akazima mashine, akaketi juu ya sanduku.

"Inacheza katikati," alisema polepole. "Hakuna kintu ya kuishika katikati."

Ngalula alikuwa akikoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo. Akatazama chini ya chungu. Vidole vitatu, vyote vinaelekea mahali pamoja. Kushika katikati! Kilikuwa kimebaki chuma kimoja, na baba yake alikuwa tayari anakinyanyua.

"Papa, ngoja! Ile kitabu... sikuisoma. Haiko Kifaransa. Nilisema uongo."

Fundi Zéphirin akakilaza chuma chini. Alikuja, akashika chungu kwa kitambaa, akakiweka chini.

"Zéphirin, sombe haijaiva!" mke wake akalalamika.

"Leo tutakula mbichi."

Yeye na Ngalula wakaibeba pete ingali na moto, imefungwa kwenye gunia, mpaka kwa Ba Mwaba, mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana ya mgodi. Alikaa mitaa mitatu tu kutoka kwao. Mzee akaigeuza pete, akacheka mpaka akakohoa.

"Lunette! Zéphirin, munapikia lunette? Hii unaiweka ku mashine, chuma inapita mu kati, vidole vitatu vinaishika, haicheze tena." Kisha akaacha kucheka. "Lakini moto ulikula ncha. Nani alikuambia haina kazi?"

"Ni mie," akasema Ngalula, kabla baba yake hajafungua kinywa.

Ba Mwaba akachonga ncha mpya kwa mubanga, mti mgumu sana, akazipaka mafuta. Kesho yake chuma cha pili kilizunguka kimya. Jumamosi asubuhi moulin ikaunguruma, na akina mama wakapanga mabeseni yao mpaka barabarani.

Fundi Zéphirin alikuwa akinawa mikono. Akamwita binti yake.

"Kutokujua kwako hakukuniharibia kintu. Kama ungesema 'sijue', siku ileile ningeenda kwa Ba Mwaba. Lakini ulinipa jibu, na mie nikiwa na jibu, siulize tena. Siku ingine, mwanangu, sema 'sijue'. Usione haya. Unasikia?"

"Nasikia, Papa."

Mama Kapya alitimiza neno lake. Alienda kuongea na wale vijana. Wakala bukari yake, wakashukuru, kisha wakamwambia yaleyale: watu wa Kasai waondoke.

Jumatatu familia ya Ngalula iliondoka Kamalondo, ikaenda kwenye kambi ya wakimbizi pembeni mwa mji pamoja na maelfu ya wengine. Kila mtu alibeba kinachoweza kukaa kichwani. Mashine ilibaki chini ya mabati. Mama Madeleine alichukua chungu, na kwa kuwa chungu kinahitaji pa kukaa, akachukua na pete. Zile ncha za mubanga ziliungua siku ya kwanza.

Je, kama moulin ingetengenezwa mapema, wangeachwa? Ngalula alijiuliza hivyo mara nyingi. Mimi sijui, na safari hii nasema kuwa sijui.

Yeye mwenyewe alibeba kijitabu. Asubuhi moja, kwenye foleni ndefu ya maji, aligeuza ndoo yake, akapanda juu yake, akakiinua kijitabu mbele ya watu wote.

"Hii mie sijue kuisoma!" akasema kwa sauti. "Haiko Kifaransa. Iko muntu anajua? Anifundishe, tafazali."

Mbele, mtu alimaliza kuteka maji. Foleni ikasogea hatua moja, kila mtu na ndoo yake, na Ngalula akashuka, akasogeza yake, akapanda tena.