Breka ya Chumba cha Baba

Jumatatu asubuhi, theluji ilikuwa imefika usawa wa dirisha. Janelle Haugen alikuwa chumba cha kushonea, anataka kupiga pasi mashuka ya baba yake. Mumewe, Curt, alikuwa chumba cha pili, cha mzee huyo, anasogeza kitanda. Taa ya kule ilikuwa inawaka vizuri. Janelle akachomeka pasi. Ta! Taa ya Curt ikazimika, na pasi haikupata moto.

"Imekata tena!" Curt akapiga kelele. "Hizi breka mbovu, nakwambia."

"Tumebadilisha mara tatu, Curt. Duka zima bovu?"

"Duka lile? Sishangai."

Janelle hakucheka. Baba yake, mzee Orville, alikuwa hospitalini mjini Duluth wiki ya tatu sasa. Mapafu yalikuwa yamechoka. Ijumaa angeweza kurudi nyumbani na mashine ya oksijeni ya kuchomeka ukutani. Lakini nesi alisema bila kuficha: kama umeme wa chumba chake unakatika ovyo, mzee hatoki, atapelekwa kituo cha wazee. Na Orville alikuwa ameomba jambo moja tu, arudi kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Oksijeni na cheche haziivi chungu kimoja. Ndiyo maana walinunua breka za cheche, moja kwa kila chumba. Breka ya kawaida hukata umeme ukizidi. Breka ya cheche hukata pia inapohisi waya umelegea au umechubuka na unatoa cheche. Walizifunga wenyewe, kama watu wa mji ule wanavyofanya karibu kila kitu wenyewe.

"Turudishe za zamani," Curt alisema. "Zimekaa miaka hamsini, hazijatusumbua."

"Na cheche ikitokea karibu na mrija wa oksijeni wa baba?"

Curt akarudi kusukuma kitanda.

Janelle alikuwa mtu wa kutaka kujua. Kitu kikimshinda, hali chakula kikashuka. Akachukua penseli na kuanza kujaribu. Taa ya chumba cha baba peke yake: sawa. Pasi ya chumba cha kushonea peke yake: breka zote mbili zinakata. Akajikuna kichwa. Pasi ya chumba hiki inaingiaje kwenye mambo ya chumba kile?

"Namwita Arlys," akasema.

"Usimsumbue! Mtu amestaafu."

Katika mji ule, kuomba msaada kulikuwa kugumu kuliko kutoa. Lakini Janelle alishavaa buti. Arlys aliishi ng'ambo ya barabara. Alikuwa amefanya kazi ya umeme miaka thelathini, kwenye gati la meli za madini.

Arlys alikuja na tochi na kipima umeme chake. Janelle akamkaribisha kahawa.

"Hapana, asante."

"Kidogo tu?"

"Usijisumbue."

"Ipo tayari, Arlys."

"Basi, kama ipo tayari." Akaipokea. "Nilimwona Curt akienda dukani na kiboksi cha breka. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu."

"Mbona hukusema kitu?"

"Hamkuniuliza."

Arlys alizima swichi kuu, akafungua boksi la breka. "Msiguse," akasema. "Hata swichi kuu ikizimwa, nyaya nene zinazotoka nje bado zina umeme. Tazameni kwa macho. Waya mweusi unakwenda chumba cha mzee. Mwekundu unakwenda chumba cha kushonea. Mweupe je?"

Janelle akatazama. "Mweupe ni mmoja tu."

"Haya. Umeme huenda kwa waya wa moto, mweusi au mwekundu. Hurudi kwa mweupe, ndiyo nyutro. Hapa vyumba viwili vinarudishia njia moja, na njia hiyo imefungwa kwenye breka ya chumba cha mzee."

"Na breka inajali nini?"

"Inahesabu umeme unaotoka na unaorudi. Chukua mabawabu wawili, kila mmoja na mlango wake. Wa kwanza anatoa watu kumi, lakini wote wanarudi kwa mlango wa mwenzake. Yeye anasema watu wake wamepotea. Mwenzake anasema amevamiwa na wageni. Watafanyaje?"

"Watafunga milango yote!" Janelle alisema. Karibu aruke. "Ndiyo maana zinakata zote mbili!"

"Basi breka si mbovu?" Curt aliuliza.

"Nzima kabisa. Ila hapa si mahali pake."

Janelle akasita. "Baba alikosea, basi?"

"Hata kidogo. Alibana matumizi ya waya, kama wengi wa wakati ule, na inaruhusiwa mpaka leo. Umeme huingia nyumbani kwa pande mbili zinazopingana; waya mweusi aliuweka upande mmoja, mwekundu upande wa pili. Hivyo mizigo inapunguzana, na mweupe hauzidiwi. Ukiziweka zote upande mmoja, mweupe unabeba mizigo yote miwili. Unaungua ndani ya ukuta, na breka ya kawaida haijui."

Curt akakohoa. "Jumamosi nilihamisha breka moja. Nafasi ya chini ilikuwa rahisi kufikia."

Arlys akamulika tochi. "Naona. Sasa zote ziko upande mmoja," akasema polepole. "Na ulitaka kurudisha za zamani namna hiyo?"

Curt alikaa kwenye ngazi. Uso ulikuwa umempauka.

"Mnahitaji breka pacha," Arlys aliendelea. "Mbili ndani ya moja, mkono mmoja wa kuwashia, ikikata zinakata pamoja. Inahesabu nyaya zote tatu kwa pamoja. Lakini si kila pacha inafaa. Soma karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa boksi, inataja aina zinazokubalika. Nyingine itaingia, lakini haitashika vizuri. Halafu uliza: imeandikwa kwamba inafaa kwa nyutro ya pamoja?"

Janelle alipiga simu. Duka la kwanza lilikuwa na pacha isiyo ya cheche. La pili lilikuwa na ya cheche, lakini si pacha. La tatu, Duluth, likasema lina vyote.

"Imeandikwa inafaa kwa nyutro ya pamoja?"

"Mama, ni pacha, itafaa tu."

"Nisomee, tafadhali."

Karatasi ikachakarishwa. "Imeandikwa," yule mtu akasema.

Arlys alikataa kuifunga, kwa sababu leseni yake ilikuwa imekwisha muda. Alhamisi alikuja fundi mwenye leseni, na mkaguzi akapita baada yake. Janelle akapiga pasi mashuka yote huku taa ya chumba cha pili ikiwaka. Ijumaa mzee Orville aliingia mlangoni kwa miguu yake, taratibu, mrija puani.

Mwezi Machi, mchana, breka ilikata. Pasi ilikuwa kabatini na chumba cha kushonea kilikuwa kitupu. Janelle alimhamishia baba yake kwenye mtungi wa oksijeni wa akiba kwanza. Hakuilaumu breka, wala hakuiwasha. Alichomoa kila kitu, akapiga magoti, akavuta waya wa taa nyuma ya kitanda. Mguu wa kitanda ulikuwa umeukanyaga. Ganda la waya lilikuwa limepasuka na kuungua jeusi, upana wa kiganja kutoka kwenye mrija.

"Kuna nini, binti yangu?" baba yake aliuliza.

Janelle alibaki sakafuni, waya mkononi, machozi yakimtoka. "Hakuna kitu, baba," akasema. "Hakuna kilichotokea."